Koti la Mama Milembe

Barua ya Mfuko wa Majeruhi ilijaa maneno ya heshima. Ilimpa pole Mama Milembe Bulugu kwa kupoteza mkono wake wa kushoto, ikamtakia subira, kisha ikamwarifu kwamba nafasi yake katika Kitalu cha Viungo kule Mwanza ilikuwa tayari. Afike kabla siku thelathini tangu ajali hazijaisha, aoteshwe mkono mpya.

Mama Milembe aliisoma barua hiyo akiwa ameishika kwa mikono yake yote miwili.

"Bi Nkwimba," aliuliza, "mimi nimekatika lini?"

Bi Nkwimba hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka la dawa la shemeji yake, mahali alipokaa kila siku tangu alipostaafu ukarani wa zahanati. Hapo alikuwa na meza, kalamu tatu na benchi la wageni. Watu walioumia kiwandani walimfuata hapo. Msaidizi wa Mfuko aliyejibu kwenye simu hakuwa mtu. Alikuwa sauti tamu isiyochoka, lakini ilijua kukataa tu. Bi Nkwimba alijua kusikiliza, na akishasikiliza alijua kuandika.

Kwenye ncha ya benchi alikaa Lugola, kijana mrefu wa miaka thelathini na mmoja, mkono wa kushoto wa shati lake umefungwa fundo. Alikuwa amesogea hadi karibu aanguke ili Mama Milembe aweze kunyoosha miguu yake iliyovimba. Tena alikuwa ametandika mfuko wake chini ya visigino vya mama huyo. Bi Nkwimba aliliona hilo kabla hajamuuliza mtu yeyote jambo lolote.

"Shikamoo, bibi," alisema Lugola.

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo aliyekatika ni wewe, na barua kapata mwenzako."

"Ndiyo, bibi. Na mimi nimepata yangu." Akaitoa mfukoni kwa mkono wake uliobaki. "Inasema siku ile nilikuwa nimekaa meza ya kuchambua, nina homa tu, sina dai lolote."

"Haya. Nisimulie. Anzia langoni."

Lugola akaanzia langoni. Kiwanda chao kilivuna magugumaji ziwani na kuyashindilia kwa mashine za presi kuwa mbao za kujengea. Kila mfanyakazi alivaa koti lililoitwa Shahidi. Langoni uliweka kidole gumba kwenye kola, koti likataja jina lako, na kuanzia hapo likausikiliza mwili uliokuwa ndani yake: pumzi, mapigo ya moyo, joto, uchovu. Wafanyakazi wenyewe waliliita Mmbea, kwa sababu lilipeleka kila kitu ofisini. Ukionekana una homa au umechoka, unapewa onyo. Onyo la tatu, huna kazi. Na mtu akiumia, Mfuko ulilisikiliza koti kwanza. Kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na dai lililopita bila neno la koti.

"Mimi nilikuwa na maonyo mawili," Mama Milembe aliingilia. "Na miezi minne tu nistaafu. Asubuhi ile nimeamka na homa, meno yanagongana. Huyu akaniona kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mara tulipopita lango."

"Nikamwambia, lete hilo koti, mama. Mimi sina onyo hata moja, homa yako ikisikika ni onyo langu la kwanza. Leo wewe ni mimi, kaa meza ya kuchambua. Mimi nitasimama kwenye presi yako."

"Na mimi nikamwambia, Lugola, koti lako linanuka kitunguu."

"Ni kweli, bibi, linanuka," alisema Lugola, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu.

Bi Nkwimba alikuwa amesikia tetesi za jambo hilo. Zamu B, zamu ya wawili hawa, waliliita kupokezana. Ukifiwa, ukiwa mjamzito, ukiwa umekesha na mgonjwa, mwenzako mzima alilivaa koti lako ukavaa lake. Koti lilimtambua mwenyewe langoni tu. Baada ya hapo liliuamini mwili wowote. Miaka mingi watu walisitiriana hivyo, na hakuna aliyedhurika.

"Sasa kwenye presi kulitokea nini?"

Lugola alitazama chini. "Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwangu. Iliniishia hapa." Akaonyesha kwa mkono wa kulia, na kidole chake kikagusa shati karibu kabisa na lile fundo. "Presi haina macho, bibi. Inaliuliza koti: mkono uko wapi? Na koti lile lilimjua Mama Milembe toka begani mpaka kucha. Kwa mkono wa mama, nilikuwa nimeshatoka. Kwa mkono wangu, kilibaki kiganja ndani, na juu yake upana wa vidole vinne. Presi ikashuka."

Mama Milembe alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge.

"Laiti ningekaa na homa yangu," alisema.

"Mama, tumeshayamaliza hayo," Lugola alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi na yuko tayari kulisema tena.

Bi Nkwimba alichukua kalamu. "Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na sita."

Alijua maana yake, maana alishawasindikiza wengine wanne Kitaluni. Daktari wa huko huchukua chembe ya nyama kutoka kwako mwenyewe, huilisha, huishikiza kwenye kigutu, na mkono huota kwa miezi kumi, kwanza laini kama wa mtoto mchanga. Lakini ncha za mishipa ya fahamu husubiri siku thelathini tu. Zikipita, hufunga, na hakuna dawa ya kuzifungua. Lugola alikuwa na siku nne za kuwa na mikono miwili tena maishani mwake.

*

Kesho yake waliingia wote watatu katika ofisi ya Mfuko, wakaketi mbele ya dirisha la afisa aliyeitwa Kaijage. Bi Nkwimba alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini Kaijage alipoona Lugola anahangaika na kizibo cha chupa ya maji, aliinuka, akazunguka dirisha lake, akaifungua, akarudi kukaa. Basi ikawa vigumu.

Alisoma maelezo ya Bi Nkwimba mara mbili, kisha akainamia kioo na kusema kwa sauti ya chini, "Mama yangu, hapa umeandika kwamba walibadilishana makoti kwa kukusudia."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Kuna kifungu kinasema anayemhadaa Shahidi hana dai. Kwa neno hili moja, mimi siwezi kugonga muhuri. Lakini ukiandika kwamba makoti yalichanganyika kwenye misumari ya ukutani, kwamba kila mmoja alivaa la mwenzake kwa makosa…" Alisukuma fomu nyingine mpya chini ya kioo. "Makosa yana fomu yake. Nagonga sasa hivi. Kesho asubuhi kijana yuko Kitaluni."

"Na baada ya hapo?"

Kaijage hakumficha. "Itaandikwa ni uzembe wake. Mkono atapewa kwa hisani, mara moja. Mkono ukisumbua baadaye, ni juu yake. Na faili linafungwa, hakuna atakayeuliza habari za presi wala za koti."

"Andika, Bi Nkwimba," alisema Mama Milembe haraka. "Neno moja tu. Mungu anajua."

Bi Nkwimba alikuwa ameshaishika kalamu. Miaka thelathini zahanatini, na sita kibarazani, hakuwahi kumwandikia mtu jambo ambalo hakulisema. Lakini alimfikiria Ngolo, mke wa Lugola, anayemfunga mumewe vifungo kila asubuhi huku akiimba ili asione aibu. Aliwaza mkono laini wa mtoto mchanga ukiota. Ni uongo gani mdogo kama huu? Ungemuumiza nani? Wino ulikuwa tayari umeacha nukta kwenye karatasi.

"Bibi," alisema Lugola. "Mimi sikukosea koti."

"Najua, mwanangu."

"Nilimsaidia mama. Nililivua langu, nikalivaa lake, nikijua ni lake. Ukiandika makosa, watabandika tangazo ukutani: kila mtu aangalie koti lake. Basi, yameisha. Presi itaendelea kuliuliza koti. Na mwenye homa ataogopa kupokezana, atasimama na homa yake mbele ya presi, hajui mkono uko wapi. Atakatika yeye."

"Baba, nisikilize," alisema Bi Nkwimba. "Mkono ni wako, si wangu. Nikiandika kweli halafu ukakosa, mimi nitarudi nyumbani na mikono yangu miwili nipike. Ni rahisi sana kuwa shujaa kwa mkono wa mwingine. Sitakulaumu hata kidogo ukisema niandike makosa."

"Najua hutanilaumu. Ndiyo maana nilikuja kwako."

"Umezungumza na Ngolo?"

"Ngolo ndiye aliyetangulia kusema. Alisema ameolewa na mtu, hakuolewa na mkono."

Mama Milembe alianza kulia pale pale, mbele ya dirisha. Bi Nkwimba aliirudisha fomu mpya chini ya kioo, na ile nukta yake ya wino juu yake.

"Tunaomba jopo la Mfuko litusikilize," alisema.

Kaijage akaandika: siku ya thelathini, saa nne asubuhi. Hapakuwa na siku ya karibu zaidi. Alipowapa karatasi yao aliongeza, akijifanya anapanga mafaili, "Leteni mtu aliyeona kwa macho. Watu wamesahau, lakini hakuna sheria iliyowahi kuwakataza binadamu kutoa ushahidi."

*

Siku mbili Bi Nkwimba alizunguka nyumba za Zamu B. Watu walimkaribisha, walimpa uji, walimwambia pole nyingi za kumpelekea Lugola. Lakini alipotaja jopo, kila mmoja alitazama watoto wake. Hakuwalaumu. Mwanamke mmoja alimfuata hadi barabarani kumpa mayai sita ya kumpelekea majeruhi, akakimbia kurudi ndani kabla hajaombwa jambo jingine.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya thelathini waliingia kwenye chumba cha jopo wakiwa wanne: Lugola, Ngolo, Mama Milembe na yeye. Mbele walikaa wajumbe watatu, katikati yao Mwenyekiti Bi Kokugonza, mwanamke mkavu wa uso, miwani kwenye ncha ya pua. Upande wa pili alikaa wakili wa kiwanda. Koti la Mama Milembe lilitundikwa kwenye stendi, limefuliwa, mkono wake wa kushoto umechanika.

"Na wewe ni wakili?" Mwenyekiti alimuuliza Bi Nkwimba.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mwandishi wa huyu kijana."

Wakili wa kiwanda alitabasamu kidogo. "Tuanze na Shahidi," alisema.

Karani aligusa kola ya koti. Sauti ikatoka, tulivu, ya kike, kama ya muuguzi mzuri.

"Milembe Bulugu. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Mkono wa kushoto umekatika juu ya kifundo. Damu nyingi imepotea. Mwenye koti ana maumivu makali."

Mama Milembe hakusubiri kuitwa. Alisimama kwa tabu kwa sababu ya miguu, akatembea hadi kwenye meza ya jopo, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, vidole vimetanuka.

"Hesabuni," alisema.

Mjumbe wa kushoto alikohoa. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mama, tunaelewa ulichofanya. Kwa nini hukuomba ruhusa siku hiyo? Ulikuwa mgonjwa."

"Niliomba mara mbili mwaka huu, mheshimiwa. Mara ya kwanza nikapewa onyo. Mara ya pili nikapewa onyo. Ungekuwa wewe, ya tatu ungeiomba?"

"Mheshimiwa," wakili alisimama, "hakuna ubishi hapa. Wamekiri wenyewe. Walimhadaa Shahidi, na kifungu kiko wazi: anayemhadaa Shahidi hana dai. Kiwanda kinampa kijana pole, lakini sheria haina huruma ya mtu mmoja mmoja. Wakianza kubadilishana, kesho hatutajua nani ni nani."

"Leo mnajua?" Bi Nkwimba aliuliza.

"Tafadhali, mama, ngoja zamu yako."

"Nimengoja miaka kumi na tisa, baba yangu. Ngoja na wewe kidogo." Alisimama. Akashika meza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi si msomi. Nimejaza fomu tu. Lakini naona hapa kuna mashahidi wawili. Mmoja anasema mama huyu hana mkono wa kushoto. Mwingine ni mama mwenyewe, na mkono huo uko juu ya meza yako. Mnatuambia mwongo hana dai. Sawa. Basi mwongo ni nani humu ndani? Kijana amesema alivaa koti lisilo lake, akijua, kwa sababu mwenzake anaumwa. Alipewa nafasi ya kusema alikosea, apate mkono wake siku hiyo hiyo, na akakataa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshashika kalamu nimdanganyie. Yeye akanizuia. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayemwita laghai, halafu mnaliamini koti?"

Ngolo alikuwa amemshika mumewe bega.

"Lakini presi," alisema mjumbe wa kulia, mzee aliyekuwa kimya mpaka hapo. "Nani atathibitisha kwamba ilishuka kwa kufuata kipimo cha mkono wa mama? Hilo ni neno la majeruhi peke yake. Kuna aliyeona?"

Bi Nkwimba aliwakumbuka wale wa Zamu B. Mayai sita ndiyo yote aliyoyapata.

"Mimi niliona," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Kwilasa Ndaki, msimamizi wa Zamu B, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye wafanyakazi walimwogopa. Alikuwa bado amevaa koti lake la kazi. Alikuwa ametoka katikati ya zamu bila kulizima koti langoni. Alihema kama aliyekimbia.

"Kwilasa," wakili alisema kwa ukali, "wewe ni mtu wa kiwanda."

"Ndiyo maana najua." Alisogea hadi mbele. "Nilikuwa hatua tano toka kwenye presi. Mkono wa Lugola ulikuwa ndani, taa ya presi ikawaka kijani. Kijani maana yake koti limesema mkono umetoka. Nilipiga kelele. Nilichelewa."

"Ulijua amevaa koti la mwenzake?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimejua miaka sita, mheshimiwa. Kila wanapopokezana mimi hugeuka nikatazama ukuta. Naujua ukuta ule kuliko sura ya mke wangu. Mwaka juzi binti mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba, walimvalia koti wanne kwa kupeana zamu. Mtoto yupo, anatembea. Kama ni kosa, mimi ndiye mkubwa wao, anzeni na mimi."

Mama Milembe alimtazama kana kwamba anamwona mara ya kwanza. "Kwilasa! Na siku zote unatufokea."

"Nilifoka ili koti langu lisikie nafoka, mama."

Mzee wa kulia alicheka kabla hajajizuia. Mwenyekiti hakucheka. Aliinama, akanong'onezana na wenzake. Mjumbe wa kushoto alitikisa kichwa, akatikisa tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro. Gari la Kitalu huondoka saa sita, na hili lilikuwa la mwisho kwa Lugola.

Bi Nkwimba alikaa. Aliona kwamba Ngolo alikuwa ameitoa leso yake na kumfuta mumewe jasho la shingo, kisha, bila kufikiri, akamfuta na Mama Milembe.

"Wawili kwa mmoja," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Jopo limemwona mama mwenye mikono miwili. Kwa dai hili, ushahidi wa koti umetenguliwa, tunapokea wa watu. Lugola Masunga aliumia kazini, kwa presi iliyopewa kipimo kisicho chake. Aende Kitaluni sasa, kwa jina lake, na matunzo ya mkono huo ni ya Mfuko maisha yake yote. Presi zote zinazoongozwa na makoti zisimame mpaka zikaguliwe."

Ngolo alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo.

"Tutakata rufaa," wakili alisema akikusanya karatasi zake. Uso ulikuwa umemwiva. "Na waliokiri kupokezana, yaani Milembe, Lugola, na wewe Kwilasa, kiwanda kitawaita kesho asubuhi kujibu. Hilo, jopo haliwezi kulizuia."

"Hilo ni kweli," alisema Mwenyekiti. "Siwezi."

"Tutakuja," alisema Mama Milembe. Alikuwa ameondoa mikono mezani na kuishika kiunoni. "Na safari hii nitaomba ruhusa ya ugonjwa mbele yenu wote. Nione nani atanipa onyo la tatu."

Kwilasa alifungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Makoti hayakuruhusiwa kuvuliwa nje ya lango. Alilivua, akalikunja vizuri kama nguo ya kwenda nayo safari, akaliweka mezani mbele ya wakili, akabaki na fulana yenye tundu. Kisha akamshika Lugola mkono wa kulia, na wote wakatoka kuliwahi gari, Ngolo mbele, Mama Milembe akiburuza miguu nyuma.

Bi Nkwimba alibaki akikusanya kalamu zake. Dakika moja ilipita. Ndipo koti lile pale mezani likafungua sauti yake tulivu.

"Kwilasa Ndaki. Mapigo ya moyo hayasikiki. Pumzi haisikiki. Mwenye koti amefariki dunia."

Nje ya dirisha, Kwilasa alikuwa anasukuma mlango wa gari uliokwama, akifoka kwa nguvu kuliko siku zote.

Bi Nkwimba alimgeukia karani.

"Andika na hilo," alimwambia, akachukua mkoba wake akatoka.